Kibao Kilichoondolewa Kwenye Msumari Wangu

Sikusoma. Nilifika darasa la tatu, tukafunga shule kwa ajili ya kilimo, mimi sikurudi. Nayasema haya mapema ili mtu asije akanisahihisha huko mbele. Najua kusoma maandishi ya kuchapwa, polepole, kwa kidole, na najua kuandika jina langu na vipimo vya mbao. Kwa hayo mawili nimejenga nyumba Cheyo, nimesomesha watoto wanne, na karakana yangu ya useremala hapa mtaa wa Ng'ambo inajulikana mpaka Isikizya na huko mbele yake. Hakuna aliyenishika mkono, isipokuwa mtu mmoja, na huyo nitamfikia.

Ninachosimulia ni jambo dogo. Kipande cha mti chenye urefu wa kiganja, kina tundu juu, kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari wangu. Siku moja nikakuta hakipo. Aliyekiondoa ni binti yangu, na alikiondoa kwa maneno niliyomfundisha mimi mwenyewe.

Ukiingia karakanani kwangu, ukutani mkono wa kushoto kuna ubao mpana wa mninga uliopigwa misumari safu tatu. Kila kazi inayoingia, iwe mlango, kitanda au kabati, inakatiwa kibao chake, tunakichoma alama kwa chuma cha moto. Mlango una alama yake, kitanda kina alama yake, maana mafundi wengi wa zamani hawakujua hata a. Safu ya juu ni ya kazi zisizo na mtu. Safu ya kati kila fundi ana msumari wake. Safu ya chini ni kazi zilizokwisha, zinamngoja mwenyewe. Fundi akitaka kazi anakitoa kibao juu kwa mkono wake na kukitundika kwake. Hutundikiwi na mtu. Hata mimi mwenye karakana siwezi kukuwekea kibao kwenye msumari wako. Nitakwambia tu, ile pale juu inakutazama, nawe utanyoosha mkono mwenyewe, ili kesho usiseme ulibebeshwa.

Kama kazi moja inasubiri nyingine, tuseme mlango unasubiri fremu, kibao cha mlango kinafungwa kwa kamba ya katani kwenye kibao cha fremu. Hakuna wa kuuliza mlango umefikia wapi, kamba inajibu.

Na nyuma ya kibao kuna chaki. Kila siku unayoishika kazi unachora mstari mmoja, na kama kuna la kumwambia mwenzako unaliweka hapo kwa alama: gundi haijakauka, huku kuna ufa, pembe hii bado. Fundi ni mtu. Leo yupo, kesho kafiwa, kaenda Sikonge wiki nzima. Anayeipokea kazi anageuza kibao, anajua pa kuanzia.

Huo ndio ubao. Watu wa mjini walikuwa wanaucheka, wanauita hirizi za mzee.

Binti yangu wa mwisho ndiye aliyesoma kuliko wote. Nilimpa jina la mama yangu, kwa hiyo namwita mayu, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kinyamwezi, naye anaitika. Alikuwa Dar es Salaam kwenye kampuni ya watengeneza programu za kompyuta. Mwaka jana akarudi nyumbani na laptopu yake, akasema kazi yake inafanyika popote penye bando. Mimi nikafurahi, ingawa sikumwonyesha. Alikuwa anatuletea chakula cha mchana karakanani, na siku moja nikamuuliza, maana watu walikuwa wananiuliza nami nakosa la kusema.

"Mayu, kazi yako hasa ni nini?"

"Naandika mwongozo, baba."

"Mwongozo wa nini?"

"Unajua akili mnemba? Zile kompyuta unaziuliza, zinajibu. Siku hizi zinaandika programu zenyewe. Na haifanyi moja, zinafanya nyingi kwa pamoja, tunaziita mawakala. Sasa lazima kuwe na chombo cha kugawa kazi, mbili zisifanye kazi ile ile, na nyingine isiachwe. Wenzangu wametengeneza hicho chombo. Mimi naandika kinavyotumika, Kiswahili na Kiingereza."

"Kwani hazina nyapara?"

"Nyapara ndiyo hicho chombo."

"Na zinagombania nini, si umesema zina akili?"

"Akili zinayo, baba. Kumbukumbu hazina. Kila ikiamka haijui jana ilifanya nini. Lazima iachiwe maandishi."

"Kumbe mmetengeneza walevi," nikasema.

Fundi wangu mkubwa, Msukuma niliyemfundisha tangu hajui kushika msumeno, alicheka mpaka akaiweka randa chini. "Mzee, hao nawajua," akasema, "tunao wawili hapa."

Binti hakucheka. Alikuwa anautazama ubao. Amekua chini ya ule ubao, alikuwa anavichezea vile vibao nikimfokea, lakini siku ile aliutazama kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini. Akasogea, akageuza kibao kimoja, akaangalia mistari ya chaki, akakirudisha taratibu.

"Baba," akasema, "nieleze huu ubao. Wote. Kama mimi sijui kitu."

Basi nikaeleza. Nawaambia kweli, ilinipendeza. Mimi wa darasa la tatu, nakaa juu ya kigogo na kikombe cha chai, binti yangu mwenye digrii anauliza na kuandika. Kwa nini fundi achukue mwenyewe? Kwa nini kamba? Mtu akikuta kazi ndani ya kazi anafanyaje? Nikamwambia anakata kibao kipya, anakitundika juu, haingii nacho kichwani. Akaandika. Kesho yake akaja na mengine. Ilichukua wiki tatu, nne. Mafundi wakaanza kunyoosha mistari yao ya chaki, kila mmoja anataka kibao chake kionekane.

Alikuwa na mwenzake Dar, Mzaramo, ndiye anayepitia anachoandika kabla hakijatoka. Walikuwa wanaongea kwa laptopu wanaonana uso. Yule kijana aliponiona nyuma ya binti na kuambiwa mimi ni Mnyamwezi, hakusubiri hata salamu. Wazaramo ni watani wetu tangu misafara, babu zetu walipokuwa wanafika kwao na mizigo.

"Mtani! Umeshautua ule mzigo wa babu, au bado unao kichwani?"

"Nimeutua zamani," nikamjibu. "Nilipoufungua nikakuta mmenijazia uvivu wenu, nikaumwaga Morogoro."

"Ulikuja kwetu na pembe za ndovu ukaondoka na bibi yangu. Mrudishe!"

"Amekataa. Anasema huko kwenu ataoga maji ya chumvi."

Tukawa hivyo kila siku. Ndipo nilipomwambia binti jambo la babu yangu mzaa baba, aliyekuwa mpagazi kati ya hapa na Pwani. Alikuwa akisema kambini mzigo wa mtu hauinuliwi hivi hivi. Mwenye nao anaushika upande mmoja, anayeuchukua anaushika upande wa pili, anasema kwa mdomo wake "nimeupata," ndipo yule wa kwanza anaachia. Hata kama mwenye nao ni mgonjwa amelala, watausogeza mpaka mkononi mwake aguse. Binti akasema ni nzuri, akaandika. Baadaye nilikuja kuutafuta mstari huo kwenye mwongozo wake, sikuukuta.

Siku moja akaja na swali lake kubwa.

"Baba, kuna jambo linatusumbua. Wakala anaweza kuchukua kazi, halafu akafa katikati."

"Anakufaje?"

"Anakatika. Umeme, mtandao, chochote. Hatangazi. Ile kazi inabaki imeandikwa kwamba anayo yeye, kumbe hayupo. Wengine wanaiona ina mtu, hawaigusi. Inakaa tu. Hapa kwako ikitokea hivyo mnafanya nini?"

Nikajibu bila kufikiri, maana ni sheria ya karakana na kila fundi anaijua. "Kibao kikikaa mwezi mzima bila chaki, kimekufa. Kinatolewa kwenye msumari, kinarudi safu ya juu. Anayekiweza anakichukua."

"Hata kama ni cha fundi mkubwa?"

"Hata cha nani."

"Nani aliianzisha hiyo?"

Nikatazama mlangoni. Mafundi walikuwa wamekwenda kusali na kula, tulikuwa wawili. Na mimi nilikuwa nimelewa sifa za wiki nne.

Karakana hii na ule ubao havikuwa vyangu. Vilikuwa vya mzee mmoja Mwarabu, kizazi cha Omani, aliyezaliwa hapa hapa mjini na kuzikwa hapa. Ndiye aliyenichukua nikiwa nachoma mkaa, akanipa patasi. Ng'ambo nzima inajua kwamba yule mzee alinikabidhi kazi zake kwa mkono wake, akaniambia mwanangu, sasa ni wewe. Hayo ndiyo niliyoyasema miaka yote, msibani na harusini, mpaka nikawa nayaona ni kweli.

Hayakuwa hivyo. Mzee alikuwa ameshika mlango wa nakshi wa nyumba ya bwana harusi mmoja, akakaa nao miezi saba. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Alikuwa anaupapasa tu mlango, anaupangusa vumbi, anaugeuza. Kibao hakikuwa na chaki. Ijumaa moja alipokwenda msikitini nikakitoa kibao kwenye msumari wake, nikakitundika kwangu, nikauhamishia mlango kwenye meza yangu. Sikumwambia. Nikaumaliza kwa wiki tatu, ukasifiwa, na kuanzia hapo watu wakawa wanakuja kwangu, yeye wanamsalimia tu.

Kesho yake baada ya ile Ijumaa, mzee alikuja mapema. Akanyoosha mkono kwenye msumari wake, akaupapasa, akakuta mtupu. Hakuuliza. Akaketi pembeni, akavuta kopo la misumari iliyopinda, akaanza kuinyoosha mmoja mmoja kwa nyundo. Ndiyo ikawa kazi yake mpaka alipofariki. Wanawe hawakutaka ufundi, wakaniachia karakana.

Sheria ya mwezi mmoja niliitunga mimi baada ya hapo, ili lile nililolifanya lionekane ni utaratibu.

Nilimwambia binti yote hayo. Ni yeye wa kwanza. Mama yake alikufa hajui.

Nikamwambia, "Mayu, hili lisiingie kwenye mwongozo wako."

"Siliandiki, baba."

"Hata bila jina."

"Hata bila jina."

Sasa mnielewe kilichokuwa kwenye msumari wangu wakati huo. Mjukuu wa yule mzee alikuwa anakarabati nyumba ya babu yake mjini, akaja kuagiza mlango mkubwa wa mbele, mninga, wa nakshi ya kuchongwa kwa mkono. Alimtaka fundi yeyote. Kibao kilikaa safu ya juu dakika moja tu, nikakitoa mimi. Nilikuwa sijashika kazi ya nakshi miaka kadhaa, nasimamia tu. Huu niliutaka. Sijui kuomba radhi, sikufundishwa, na wa kuombwa hayupo. Lakini mlango najua kuutengeneza.

Nikaupiga randa, nikauunga, nikachora ua la kwanza. Nilipoweka patasi, mkono wa kulia ukatetemeka. Nikangoja kesho. Kesho ukatetemeka. Nilichonga jani moja, likatoka baya, nikalikwangua. Wiki zikaenda, mwezi ukapita. Kila asubuhi naugeuza ule mlango, naupangusa, naangalia mshipa wa mti. Chaki sikuchora, kwa sababu chaki ni ya kazi iliyofanyika, na mimi sidanganyi kwenye kibao. Katika karakana ile hakuna mtu aliyewahi kuchora kwamba leo sikufanya kitu. Alama hiyo haikuwepo. Na ile sheria ya mwezi mmoja, sijui, sikuwahi kuwaza kwamba inanihusu.

Nikaenda Isikizya siku nne kumfungia mtu milango na madirisha, kazi ya bawaba na vitasa, ambayo mkono wangu bado unaiweza. Nilirudi mchana, nikapitia karakanani kabla ya kwenda nyumbani.

"Shikamoo mzee," wakasema wote kwa pamoja, kama watoto wa shule.

"Marahaba."

Hakuna aliyeinua uso. Nikatazama ubao. Msumari wangu ulikuwa mtupu. Kibao cha mlango kilikuwa kwa fundi mkubwa, kina mistari mitatu mipya ya chaki, na mlango wenyewe ulikuwa juu ya meza yake, nakshi imeshakatwa nusu kwa mashine ya umeme, imenyooka kabisa.

"Nani kakitoa?"

Fundi akaifuta mikono kwenye suruali. "Mzee, tulikirudisha juu kwanza, kama utaratibu. Kikalala siku moja. Halafu ndiyo mimi nikakichukua."

"Nimeuliza nani."

"Ni dada. Binti yako. Alisema ndiyo sheria yako mwenyewe, na kweli ndiyo, mzee. Mwenye mlango alikuja mara tatu kukuulizia, akasema hata kwa mashine sawa, mradi uishe."

"Hakunikuta?"

"Mara zote tatu ulikuwa chooni, mzee."

Kuna mmoja aliyetaka kucheka akakohoa. Wala sikumlaumu. Nilikuwa nikimwona yule kijana anakuja kwa mbali naingia chooni, naketi mle mpaka nisikie pikipiki yake inawaka.

Pembeni ya ubao nikaona karatasi zimebandikwa kwa gundi ya mbao, zimechapwa steshenari, herufi kubwa. Ulikuwa ni mwongozo wa binti yangu kwa Kiswahili. Fundi akasema aliuleta yeye dada, akaona mafundi wafurahi, maana ubao wetu sasa unasomwa na watu wa nje. Nikasogea. Nikaweka kidole. Hawakuniharakisha.

Ulikuwa mzuri. Lazima niseme. Jinsi wakala anavyochukua kazi mwenyewe bila kupewa, ni mimi. Kazi inayosubiri nyingine ionyeshwe kamba yake, ni mimi. Aachaye kazi aandike pa kuanzia, ni mimi kabisa, mpaka gundi haijakauka ipo. Nikawa nasoma kifua kinapanda. Kisha nikafika ukurasa wa tatu. Imeandikwa kwamba kazi iliyoshikwa bila dalili ya uhai kwa muda uliowekwa irudishwe kwenye foleni, hata aliyeishika akiwa mkubwa wa wote. Chini yake, ndani ya kisanduku, kisa. Katika karakana moja magharibi mwa Tanzania, fundi mzee aliyepoteza macho alishika mlango miezi saba. Mwanafunzi wake akakitoa kibao siku ya Ijumaa, mzee akiwa msikitini. Na misumari iliyopinda ilikuwemo. Na kopo lilikuwemo.

Kidole kikasimama hapo. Jina langu halimo, lakini mwongozo umebandikwa kwenye ukuta ule ule.

"Mmesoma wote?" nikauliza.

Wakainamia kazi zao. Kisha mmoja wa wale wawili walevi, ndiye aliyekuwa na ujasiri, akasema, "Tumesoma mzee. Ni kisa kizuri sana."

Nikatoka.

Binti alikuwa barazani nyumbani na laptopu. Akasimama. "Shikamoo baba, karibu, pole na safari."

Sikuitikia. Sijawahi kumkatalia mtoto marahaba maishani mwangu.

"Ulisema hata bila jina," nikamwambia.

Akaikunja laptopu. "Baba, niliandika ile sheria mara tano bila kile kisa. Kila mara wenzangu wananirudishia. Wanauliza, kwa nini kazi anyang'anywe aliyeishika, si ni uonevu? Nilipoweka kisa wakaelewa mara moja."

"Kwa hiyo ulininyang'anya ili ueleweke."

"Nilitaka kukuomba. Nikajua utakataa."

"Ndiyo maana ya kuomba, mayu. Mtu anaweza kukataa."

Akaanza kulia, lakini anaongea huku analia, ndivyo alivyo. "Na mlango? Unadhani nilifurahi? Yule kaka alikuwa anataka kuupeleka kwa fundi mwingine. Angekuja ndani kuuchukua, angeuona umekaa vile, angejua ni mkono wako unaotetemeka. Mji mzima ungejua. Nikasema bora utoke kwa sheria yako, ionekane ni utaratibu."

"Ungeniambia. Ningekuwa nimesimama hapo, nishike upande mmoja, ningeachia mwenyewe."

"Ungeachia?"

Nikainama kuvua viatu.

"Na wewe, baba, yule mzee ulimwambia?"

Nikaingia ndani. Kuna maneno ambayo mtoto akishakuambia, hata kama ni kweli, hasa kama ni kweli, yanakaa kati yenu kama kabati lililoshindikana kutoka mlangoni.

Wiki ile yule mtani wa Dar akanipigia simu yangu mwenyewe. Nikadhani anakuja kunitukana, nikajiandaa. Akasema, "Mtani, nimeambiwa. Sina utani leo." Kisha akasema sehemu ile ya kisa ndiyo watu wanaipenda kuliko zote, kwamba kuna watu ng'ambo ya bahari wameandika kusifu. Alidhani ananipoza. Nikamuuliza kama inaweza kutolewa. Akasema inawezekana, lakini wengi wameshaisoma na kuinakili. Nikamuuliza basi wanaweza kuongeza jambo moja, kwamba kabla kazi haijaondolewa aliyeishika aambiwe.

"Binti yako aliliomba hilo juzi," akasema. "Wakubwa wamekataa. Wanasema mashine hainuni."

"Mimi sikuwa nazungumzia mashine."

"Najua, mtani."

Siku mlango ulipokuwa tayari kupelekwa, fundi mkubwa alikuja kwangu na kibao mkononi, binti nyuma yake. Wamepanga, niliona. Fundi akakishika upande mmoja, akaninyooshea upande wa pili. "Mzee, shika kidogo," akasema. "Shika useme umeachia. Tumalize kama mababu."

Ni mtu mwema, na sina ugomvi naye. Lakini nikamwambia, "Mzigo ulishaondoka kambini. Unanishikisha nini?" Nikageuka nisimwone binti.

Mlango uko mjini, kwenye nyumba ya mzee. Nimepita mara mbili kwa baiskeli. Ni mzuri. Maua yamelingana yote. Siwezi kusema uongo juu ya mbao.

Asubuhi baada ya kupelekwa, nilifika karakanani wa kwanza. Sikuwa na kazi. Nikaketi pembeni kwenye kigogo, na kabla sijawaza, mkono ukaenda wenyewe chini ya meza ukavuta kopo. Lile lile. Misumari iliyopinda imejaa mpaka juu, maana hakuna aliyeinyoosha tangu mzee afariki. Nilikuwa nimeshashika mmoja na nyundo nimeiinua ndipo nikajiona.

Nikalirudisha kopo. Nikaenda kwenye ubao. Safu ya juu kulikuwa na vibao vitatu: kitanda, kabati, na kigoda cha bibi mmoja wa mtaani aliyetaka cha kukalia akipepeta mchele. Nikakitoa cha kigoda kwa mkono wangu, nikakitundika kwenye msumari wangu. Mafundi walipoingia wakakiona. Mimi wa milango ya nakshi, kigoda.

Siku ile nilikata mti tu. Nikageuza kibao, nikachora mstari. Siku ya pili mkono ulikataa kabisa, nikakaa. Ikafika jioni. Nikaitazama chaki. Kisha nikageuza kibao, nikachora duara, tupu, halina kitu ndani. Maana yake nimekuja, sikufanya kitu, na kazi bado ni yangu. Nimekuwa nikichora hivyo tangu hapo, mstari au duara, kila siku inayokuja, Jumapili tu ndiyo siendi. Kigoda kina miguu miwili sasa. Mwezi na nusu umepita, na hakuna mwenye sheria ya kukigusa.

Binti bado anatuletea chakula. Tunasalimiana, naitikia. Juzi aliweka sufuria chini, akaenda kwenye ubao, akakigeuza kibao changu. Akahesabu mistari kwa macho. Akayaona maduara, ni mengi kuliko mistari.

"Baba," akasema, na nikaona mkono wake unatafuta laptopu kwenye mfuko, "hii alama ni mpya. Maana yake nini?"

Fundi mkubwa akaacha randa akanitazama. Anaijua. Wote wanaijua, na tangu wiki iliyopita kuna wawili wameanza kuichora.

Nikafunua sufuria. "Wali umepoa," nikasema, nikanawa mikono nikaanza kula.